Masaisi wa Ngong Road na Kazi Yao Kabla ya Siku ya Mbio

Msafiri atokaye mjini Nairobi kwa Ngong Road, akiisha kupita Dagoretti Corner, haendi mbali kabla hajauona uwanja mpana wa majani uliopakana na msitu. Huo ndio Uwanja wa Mbio za Farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, mbio zilipohamishwa kutoka uwanja wa zamani uliokuwa upande wa mashariki wa mji. Watu wengi huujua kwa siku moja tu, nayo ni Jumapili ya mbio. Siku hiyo farasi wanang'aa, wapandaji wamevaa hariri za rangi, na watu waliojaa jukwaani hupiga kelele kwa muda wa dakika mbili hivi. Kisha kila mmoja huitazama karatasi yake kuona kama amepata au amekosa. Mimi nami nilikuwa katika hao. Nilidhani ya kuwa farasi hutolewa bandani, hutandikwa, hukimbia, hurudishwa, na mambo yamekwisha.

Kilichonifungua macho si mbio bali samadi. Ninakaa Mountain View, na nyuma ya nyumba nina kipande cha bustani ambacho sukuma wiki yake ilikuwa haipendezi kutazamwa. Jirani mmoja akaniambia, "Karani, udongo wako una njaa. Nenda kwenye mazizi ya farasi ukachukue samadi." Basi Jumamosi moja nikapanga magunia mawili, nikapita Kangemi na Kawangware, nikatokea Ngong Road. Wakulima watanisamehe nikisema jambo wanalolijua: samadi ya farasi ni ya moto, nayo ikitiwa mbichi huunguza mizizi. Tena farasi hacheui kama ng'ombe, kwa hiyo mbegu za magugu hutoka tumboni mwake zikiwa hai. Yapasa kuirundika, kuigeuza na kuiacha ioze vema. Hayo niliambiwa na mzee mmoja, saisi mkuu wa zizi lile, naye ndiye aliyenikaribisha nirudi siku nyingine. "Uje saa kumi na moja asubuhi," alisema. "Ukija saa hii, utakuta kazi imekwisha, useme sisi ni wavivu."

Nikaenda. Tangu siku hiyo nimekwenda mara nyingi, na mwaka huo nilikwenda sana zaidi, kwa sababu ulikuwa ni wakati wa kuwatengeneza farasi baada ya mapumziko, kabla ya mbio za kwanza za msimu.

Neno saisi ni la Kiarabu, nalo limesafiri hata India kabla ya kufika katika mazizi yetu kwa njia ya Waingereza. Maana yake ni mtunza farasi. Kila saisi ana farasi wake, wawili au watatu, naye huwajua kama mama ajuavyo watoto wake, nani mlafi, nani mwoga wa pikipiki, nani huuma akifungwa mkanda wa tandiko. Mwalimu wa farasi, yaani mtu mwenye kibali cha kuwafundisha, ndiye atoaye amri zote, na katika zizi hilo ni mwanamke ambaye wote humwita Mama. Lakini Mama hawezi kuwa na macho katika kila banda. Macho yake ni masaisi.

Nilipofika siku ile ya kwanza kulikuwa na giza na baridi, na ukungu umelala juu ya uwanja. Mzee hakuwasha taa kubwa. Alikuwa na tochi ndogo, akipita banda baada ya banda, na kwanza hakumtazama farasi. Alitazama hori ya chakula.

"Farasi aliyeacha chakula ana neno la kusema," aliniambia. "Na kwa kuwa hana mdomo wa kulisema, ameliandika hapa."

Kisha aliingia, akainama, akaushika mguu wa farasi chini ya goti kwa kiganja kizima, akauteremsha mkono wake polepole hata karibu na ukwato. Alifanya hivyo kwa kila mguu, akiwa amefumba macho. Nilimwuliza atafuta nini. Akasema, "Joto."

Hapo yafaa nieleze kidogo, maana bila kulijua jambo hili msomaji hataona uzito wa habari inayofuata. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo mia nne na hamsini au zaidi, naye akikimbia kwa nguvu zake zote hufikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Moyo wake, ambao akitulia hupiga kama mara 30 au 40 kwa dakika, hupita mara 200. Kwa nukta fulani ya kila hatua, uzito huo wote huangukia mguu mmoja. Na chini ya goti mguu huo hauna nyama. Ni mfupa, ngozi na kano. Kano ya nyuma ya mguu hunyooka na kurudi kama mpira, lakini ikichoka huanza kukatika nyuzi chache chache ndani, wala farasi hachechemei siku hiyo. Dalili ya kwanza huwa ni joto kidogo, pengine na uvimbe usiozidi punje ya mahindi. Akikimbizwa katika hali hiyo, kano yaweza kupasuka, na farasi huyo asikimbie tena maisha yake yote. Akipumzishwa mapema, atapona, ila ni kazi ya miezi tisa au mwaka mzima.

Basi ndiyo sababu baada ya mapumziko hakuna anayemkimbiza farasi. Watu wa pwani wanaoendesha punda watayajua maneno niliyoyasikia pale: telki, matiti, shoti. Majuma ya kwanza farasi huenda hatua tu, kila asubuhi, ili miguu ikazike. Kisha huja matiti. Baadaye huja shoti ya taratibu, na mwisho kabisa, zikiwa zimebaki wiki chache, hupewa shoti ya kweli mara moja au mbili kwa juma, tena kwa masafa mafupi. Mzee aliliita jambo hili kujenga nyumba: "Ukitaka paa kabla ya ukuta, usinilaumu ikikuangukia."

Nimewahi kuulizwa na mwenzangu wa ofisini kama farasi hawa huruka vikwazo. Mbio ninazozitazama Ngong ni za ardhi tupu. Mbio za kuruka viunzi ni sifa ya Uingereza na Ireland, ambako msimu wake mkubwa huanza wakati wa baridi unapokaribia. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Grand National, ambayo hesabu yake huanzia mwaka 1839, katika uwanja wa Aintree karibu na Liverpool. Farasi huruka viunzi 30 katika mwendo wa karibu kilomita 7, na kwa ajili ya usalama idadi ya washindani ilipunguzwa mwaka 2024 kutoka 40 hadi 34. Huko nako, niliambiwa, matengenezo ni yale yale. Farasi hutoka malishoni amenenepa, naye hutembezwa barabarani majuma mengi kabla hajaonyeshwa kiunzi hata kimoja. Mguu ni mguu, uwe wa Liverpool au wa Ngong Road.

Kunapopambazuka kundi la kwanza hutoka. Masaisi wameisha zoa samadi, wamepiga brashi, wametia lijamu na kufunga matandiko. Wapandaji, wengi wao vijana wembamba wasiozidi kilo hamsini na kitu, hupandishwa kwa kushikwa mguu, na farasi huondoka kwa mstari katika ukungu. Kwa mbali husikii sauti ya kwato kwanza, bali pumzi, maana farasi anayekwenda shoti huvuta pumzi mara moja kwa kila hatua, kama mtu apulizaye moto. Mama husimama ukingoni na saa yake mkononi. Hasemi mengi. Wakirudi, farasi hutembezwa mpaka wapoe, huoshwa, hukaushwa, hupewa maji. Hulishwa kidogo kidogo mara nyingi, kwa kuwa tumbo lake ni dogo kuliko linavyodhaniwa, na kwa maumbile hawezi kutapika. Akishikwa na msokoto wa tumbo usiku na pasiwe na mtu macho, asubuhi yaweza kumkuta amekufa.

Jioni kazi hurudiwa, nayo ina saa yake. Kabla jua halijatua kila farasi lazima awe ndani. Nilidhani ni kwa sababu ya wezi. Mzee akacheka. "Wezi wetu wana mabawa," alisema.

Alikuwa akisema visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, ambao huleta ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huo ni wa virusi, wenye aina tisa, nao huweza kuua farasi tisa katika kila kumi wasiochanjwa. Pundamilia huwa nao wala asionyeshe dalili. Visubi huzidi baada ya mvua, na hupenda kuuma tangu machweo hata mapambazuko. Ugonjwa huu pamoja na mbung'o ndio sababu kubwa iliyofanya sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki zisiwe nchi ya farasi tangu zamani. Babu zetu hawakukosa akili ya kumfuga, ila mnyama mwenyewe hakuishi. Siku hizi kuna chanjo, na kule Kabete, ambako si mbali na nyumbani kwangu, magonjwa ya mifugo yamechunguzwa tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Lakini hakuna saisi aliyenitajia chanjo bila kutaja pia kufunga mlango mapema.

Sasa nirudi kwenye habari ya joto.

Katika zizi hilo kulikuwa na farasi jike mwekundu, mwenye alama nyeupe usoni, ambaye wote walimtumainia. Saisi wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, ambaye baba yake pia alikuwa saisi. Zilikuwa zimebaki siku kumi tu kufikia mbio za kwanza. Siku mbili kabla, farasi yule alikuwa amekwenda shoti nzuri hata Mama akatabasamu, jambo ambalo, kwa maneno ya Mzee, hutokea mara moja kwa mvua. Ni desturi ya wenye farasi wengi kumtunza saisi kwa chochote farasi wake anaposhinda, na kijana yule alikuwa ameisha zipangia kazi fedha ambazo hajazipata. Mdogo wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Asubuhi hiyo Mzee aliinama kama kawaida, akashika mguu wa mbele wa kushoto, akateremsha mkono. Kisha akaurudisha juu, akateremsha tena. Akabaki pale chini kwa muda mrefu.

"Jana jioni ulipomshika, ulisikia nini?" akamwuliza kijana.

Kijana hakujibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na tochi, nikatamani kuwa mahali pengine.

"Ninakuuliza, mwanangu."

"Nilisikia joto kidogo, Mzee. Nilidhani ni jua la mchana."

"Na mguu wa kulia, nao ulipigwa na jua?"

"Hapana, Mzee."

Mzee hakumkemea. Alisimama, akajipangusa magoti, akasema, "Twende kwa Mama. Utasema wewe."

Nilimtazama kijana yule akivuka ua. Ni hatua kama arobaini tu, lakini nadhani hajapata kutembea mwendo mrefu kuliko ule. Alijua mambo mawili. La kwanza, akinyamaza na farasi akakimbia, huenda angeshinda, na huenda pia kano ingepasuka mbele ya jukwaa. La pili, akisema, karo ya mdogo wake imekwenda, na tena atakuwa amekiri ya kwamba alikaa usiku kucha na jambo lile moyoni. Alimwambia Mama yote, hata habari ya usiku. Mama alisikiliza, akaenda akashika mguu mwenyewe, akampigia simu daktari wa wanyama.

Daktari alikuja na mashine ionyeshayo picha ya ndani ya mwili, kama ile itumiwayo kwa akina mama wajawazito. Akatuonyesha kwenye kioo doa jeusi dogo katikati ya kano, lisilozidi punje ya dengu. Nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika. Shoti moja zaidi, akasema, na tusingekuwa tunazungumza juu ya kupona.

Mama akamgeukia kijana. Alisema maneno mawili. La kwanza lilikuwa juu ya jana jioni, nalo lilikuwa kali, sitaliandika. La pili lilikuwa kwamba farasi yule atabaki mkononi mwake mpaka apone.

Mchana, tukinywa chai nje ya ghala la majani, Mzee alinisimulia habari za arap Ruta. Wasomaji huenda wamesikia jina la Bi Beryl Markham, aliyeletwa Kenya kutoka Uingereza akiwa mtoto wa miaka minne hivi, akalelewa Njoro katika shamba la baba yake, mfuga farasi. Alipata kibali cha kufundisha farasi wa mbio akiwa na miaka 18. Ulimwengu humkumbuka zaidi kwa kuruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuvuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi mwaka 1936, lakini mazizini humkumbuka kwa farasi, naye alikaa siku zake za mwisho katika nyumba ndogo hapo hapo uwanjani Ngong, akafariki mwaka 1986. Mwaka 1926 farasi wake jike, Wise Child, alishinda mbio za Kenya St Leger, ingawa kano za miguu yake zilikuwa mbovu. Katika kitabu chake, West with the Night, kilichotoka mwaka 1942, Bi Markham mwenyewe ameeleza jinsi yeye na arap Ruta, rafiki yake tangu utoto aliyefanya kazi pamoja naye, walivyohangaika na miguu ile. Mzee hakukisoma kitabu hicho. Habari hii aliipata kwa masaisi waliomtangulia, nao kwa waliowatangulia wao.

"Watu husema Memsahibu alimponya," alisema. "Mimi huuliza, mkono wa nani ulikuwa juu ya mguu usiku?"

Nilimwuliza kama si kweli basi kwamba farasi mwenye kano mbovu aweza kushinda, kwa kuwa Wise Child alishinda. Akanitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyesoma nusu ya ukurasa. Akasema wanaosimulia habari ile hutaja mmoja aliyefika, wala hawawataji waliovunjika wakijaribu. Yeye binafsi amewazika watatu.

Sitaki msomaji adhani ya kuwa mazizi ni mahali pa heri tupu. Mshahara wa saisi ni mdogo, na mtu aliyejifunza ufundi huu miaka thelathini hana karatasi yoyote ya kuuonyesha. Mimi nililipwa mshahara wa ukarani kwa sababu ya cheti cha shule, ingawa mwaka wangu wa kwanza sikujua hata kupanga majalada. Mwaka 2020, mbio ziliposimamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, jukwaa lilikuwa tupu na hakukuwa na bakshishi ya ushindi, lakini farasi walikula kila siku kama kawaida, na walitembezwa kila siku, na mtu alikuwa akiamka saa kumi na moja kuwashika miguu. Hilo nililiona geni, mpaka nilipofikiri ya kuwa ng'ombe wa baba yangu nao hawakupata kujua kuna Korona.

Juu ya kuweka dau sina la kusema. Sikuwa mtu wa dau kabla ya hapo, na tangu nilipoyajua mazizi nimezidi kuliogopa, kwa kuwa nimeona ni mambo mangapi madogo yawezayo kumzuia farasi bora asifike hata mlangoni mwa uwanja.

Jumapili ya mbio za kwanza nilikwenda, lakini sikupanda jukwaani. Bustani yangu ilihitaji samadi. Zizi lilikuwa kimya, kwa maana karibu wote walikuwa uwanjani, Mzee akiwa amevaa koti lake zuri na kofia. Nilimkuta kijana peke yake. Farasi mwekundu alikuwa amesimama uani, kichwa chini, na kijana ameshika mpira wa maji, akiumwagilia mguu wa mbele wa kushoto maji baridi, kama daktari alivyoamuru, dakika ishirini asubuhi na dakika ishirini jioni.

Kelele zikavuma kutoka uwanjani, zikapanda, zikakatika ghafla. Farasi akainua kichwa, akasimamisha masikio kuelekea huko, akabaki hivyo muda mrefu baada ya kelele kwisha.

"Amejua," akasema kijana. "Hizo zilikuwa mbio zake."

Nikamwuliza habari ya mdogo wake. Akasema amerudi shule. Mzee alizungumza na mwalimu mkuu, nao wamekubaliwa kulipa kidogo kidogo. Kisha akafunga maji, akaufuta mguu kwa kitambaa, akateremsha kiganja chake toka gotini hata ukwatoni, macho yamefumba.

"Shika nawe, Karani," akasema.

Nikashika. Sikusikia joto lolote, wala sikusikia baridi. Nilisikia mguu wa farasi. Akacheka, akanisaidia kujaza magunia yangu.